Punje ya Chuma

Ilianza na mlio.
Si mlio wa risasi. Bunduki hii haina risasi,
hubeba sindano, na ndani ya sindano
usingizi wa saa moja.
Mlio mdogo: tik,
kama punje ya mchele ndani ya kibuyu,
kila nilipoiinua begani.

Jumatatu niliifunga darubini mpya.
Nikajisifu mbele ya Wafubwa na vijana wa zamu,
nikasema kazi ya fundi haitaki haraka,
na papo hapo nikaharakisha
kwa kuwa ugali ulikuwa unapoa.

Jumatano, upande wa Nderit,
baada ya saa mbili za barabara ya mawe,
Daktari Asiligwa akalenga paja la kifaru dume,
yule mwenye sikio lililochanika.
Akashusha pumzi. Akafyatua.
Sindano ikachoma kichuguu.
Kifaru akatutazama
kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake,
kisha akarudi kwenye nyasi zake.
Daktari hakunilaumu.
Alipangusa miwani yake
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Usiku nikatandika taulo jeupe mezani,
chochote kitakachoanguka kionekane.
Nikalaumu kioo. Nikalaumu mtutu.
Nikawalaumu waliotuuzia, na mvua, na dereva.
Hatimaye nikapitisha kidole
juu ya pete ya mbele, na hapo nikaipata:
parafujo moja kati ya nne,
fupi kuliko punje ya mtama,
inacheza chini ya ukucha
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kamba hukatikia pembamba, hilo nililijua.
Sikujua wembamba wenyewe
unaweza kumezwa na kuku.

Baba alitengeneza baiskeli pale Bondeni,
chini ya bati moja, miaka ishirini na sita.
Alikuwa akisema: kaza mpaka ikujibu,
ikishakujibu, nyamaza.
Anayeendelea kukaza
anajikazia yeye, si chuma.
Na kwa baiskeli za wauza maziwa,
zile zinazopigwa na kokoto toka alfajiri,
alikuwa na siri kwenye mkebe wa tumbaku:
rangi ya kucha.

Basi Alhamisi nikasimama dukani kwa Kwamboka,
Free Area, na sare yangu, na buti zangu,
nikaomba chupa moja, nyekundu.
“Ya mama watoto?”
“Ya kazi.”
Akatazama kucha zangu, moja moja,
akanirudishia chenji bila neno.

Nikazitoa parafujo zote nne.
Nikaziosha kwa spiriti ya sanduku la dawa
mpaka mafuta yakaisha kwenye meno yake.
Tone moja kwa kila moja,
dogo, kama la mtu anayeogopa kulia.
Nikazirudisha kwa zamu, moja huku, moja kule,
robo mzunguko, robo tena,
bisibisi kwa vidole viwili tu.
Zikanijibu.
Nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi sindano tatu tupu
kwenye gunia la maranda, hatua thelathini.
Matundu matatu yangefunikwa na kizibo cha soda.

Saa nne, dume akalala.
Alikwenda magoti kwanza, polepole,
kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda.
Wafubwa akamfunika macho kwa fulana yake.
Daktari akachukua damu, akatia alama sikioni,
nami nikawekwa kuhesabu pumzi,
kiganja changu ubavuni mwake,
ngozi ya moto, tope limekauka juu yake,
na ndani, mbali sana, ule mvumo.
Sita kwa dakika. Saba. Sita.

Alipoamka hakumtazama yeyote.

Sasa ni jioni, ghala limefungwa,
wino mwekundu bado uko pembeni ya kidole gumba
na nyumbani nitaulizwa.
Nimeiinua bunduki sikioni, nimeitikisa.
Kimya.
Nikatikisa tena.